Karatasi Iliyosomeka Mno

Nikitia neno moja la uongo katika kisa hiki, ziwa Tanganyika linimeze mzima mzima na kofia yangu kichwani. Yote yalitokea hapa Kalemie, mengi yake kwenye baraza langu, mbele ya macho yangu mawili, na moja kati ya hayo ni zima kabisa. Watu watakuambia Papa Éliézer anapenda kutia chumvi. Chumvi ni ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hapa nimeandika kavu.

Jumatatu ile Inspekta Myriam Kalunga alifika asubuhi na pikipiki yake. Ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kuliko kipande cha sabuni, naye alikishika kama ameshika yai.

"Jambo, Papa Éliézer."

"Jambo, Mama Inspekta. Umeniletea bomu?"

"Karatasi. Dosye zote za biro ya kartie zilizolowa na maji. Ziko humu."

Nilikuwa nazijua dosye zile, mafaili ya ofisi ya mtaa, kama kila mtu wa kartie yetu. Mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia ndani ya biro, maji yalikaa siku nyingi ndani ya droo za chini. Baadaye mradi mmoja ulikuja na skaneri ukazipiga picha, lakini ukachukua zile zilizolowa tu, kwa sababu ndizo zilizokuwa zinaoza. Picha zikatiwa ndani ya kisanduku kile, mradi ukapanda ndege, na tangu hapo hakuna mtu aliyezifungua. Ungezifungua ufanye nini? Maelfu ya picha, kila moja imepewa namba badala ya jina.

Nyuma ya Inspekta alisimama Mama Philomène, muuza ndagala, mjane wa marehemu Josias. Huyu nilikuwa namjua zaidi kuliko dosye. Parseli yake, kiwanja chake, iko kilimani juu ya reli, mahali ambapo zamani hapakuwa na mtu wa kupataka. Sasa maji yamekula nyumba za chini, na kila kipande cha ardhi kule juu kinagombaniwa. Mfanyabiashara Germain alitokea na cheti cha mwaka 1978, kinachosema parseli ile ilipewa baba yake. Tribinali ikamkubalia. Ijumaa nyumba ya Mama Philomène ilikuwa ya kubomolewa, na watu wa Germain walikuwa wameshang'oa mlango.

"Alisema wanautoa mapema ili nizoee upepo," Mama Philomène alisema.

"Prokireri wa mashtaka amenipa mpaka Alhamisi," Inspekta akasema. "Nimuletee kitu chenye kushikika, ao afunge dosye. Nataka kila ukurasa wenye kutaja parseli ile. Siwezi kusoma maelfu kwa macho. Watu wanasema weye unaweza."

Watu walisema kweli. Kompyuta nilijifunza peke yangu, baada ya kustaafu, kwenye mashine iliyovushwa kutoka Kigoma ndani ya gunia la unga. Mwezi wa kwanza kila nikibonyeza kitufe ilikuwa inapiga chafya. Sasa inanitii kuliko mbwa.

Nikamweleza Inspekta kazi yenyewe, na wewe msomaji nakueleza vilevile. Karatasi ikipigwa picha, kwa kompyuta ni kama ukuta uliopakwa rangi: inauona lakini haiusomi. Kwa hiyo unaipa programu ya kutambua herufi. Programu inachukua picha moja moja, inainyoosha kama imelala upande, inatenganisha weusi wa wino na uchafu wa karatasi, inabashiri herufi baada ya herufi. Maneno inayoyapata inayaficha nyuma ya picha ile ile. Huyaoni, lakini ukiandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, ukurasa unaitika wenyewe.

"Inachukua muda gani?"

"Kwa muntu wa kawaida, juma zima. Kwa mimi, mpaka kesho."

Nikaiwasha. Siwezi kukuficha kwamba mashine ilivuta moto mwingi hivi kwamba kule Bendera mitambo ya umeme yenyewe ilipunguza mwendo, na taa za mji mzima zikainama.

"Kura ya umeme imekatika, Papa," Inspekta alisema. "Inakatikaka kila siku saa hii."

Tukangoja, ikarudi, tukaanza upya.

Matokeo ya kwanza yalikuwa aibu. Kurasa zilijaa maneno ambayo hata shetani hasemi. Inspekta aliinama kwenye kioo, akasoma kwa sauti, akanigeukia.

"Papa, uliiambia isome luga gani?"

Sikuwa nimeiambia. Ilikuwa inasoma dosye za kartie yetu kwa Kiingereza, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyozaliwa. Nikamwambia Inspekta nilikuwa naipasha moto tu. Nikaongeza Kifaransa na Kiswahili, nikaiacha ifanye kazi, na Jumanne asubuhi kurasa zote zilikuwa zimesomwa.

"Anza na baba ya Germain," Inspekta aliagiza. "Kasongo Mbayo."

Nikaandika. Ukurasa mmoja ukaitika: cheti kile kile cha 1978, na kashe yake, yaani muhuri, na saini yake.

"Sasa Josias."

Nikaandika. Kimya. Nikaandika tena polepole, kama kwamba mashine ilikuwa kiziwi. Hakuna Josias hata mmoja.

Mama Philomène alifunga upya fundo la kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, ambalo halikuwa limefunguka.

"Dosye ya bwana yako iliwahi kuwa biro?" Inspekta alimuuliza.

"Iliwahi. Mimi mwenyewe niliiona."

"Basi kama haiko, kuna aliyeitoa. Papa Éliézer, panda pikipiki."

Biro ya kartie ni chumba kimoja, na ukutani bado kuna mkanda wa kahawia kuonyesha maji yalipofika. Katibu, Néhémie, alituona tukishuka akaanza kupanga kalamu zilizokuwa zimepangwa. Jasho lilimtoka kabla ya swali. Mimi nilisema moyoni: huyu ndiye, kazi imekwisha.

"Néhémie, nani ana ufunguo ya droo?"

"Mimi, Mama Inspekta."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kuna karatasi zilizopotea?"

Akatazama dari. "Kupotea... hapana. Hazikupotea."

"Ziko wapi?"

"Mama Inspekta, zile zilikuwa tope tupu! Hakuna hata herufi moja! Mradi wenyewe ulizikataa!"

"Ziko wapi, Néhémie?"

"Bibi yangu anauzisha karanga," alisema, na kichwa kikaanguka kifuani.

Basi, msomaji, ilikuwa hivyo. Kurasa zilizoharibika kabisa zilikunjwa zikawa vifuko vya karanga, zikatembea soko zima. Yawezekana cheti cha Josias nilikitupa mimi mwenyewe mtaroni baada ya kumaliza karanga. Inspekta aliandika, akakata mstari chini ya alichoandika. Njia ile ilikuwa imekufa. Mtu anayeficha karanga anatoa jasho sawa na mtu anayeficha uhalifu.

Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka.

"Kabla ya mradi kupiga picha, karatasi zilikaa wapi?"

"Hapa, ndani ya makarto, maboksi yale pale. Zilikuwa zimeshakauka."

"Nani alikuja kuziona?"

"Hakuna. Papa Germain tu. Alileta kuhe mubichi, akasema anatuhurumia na ile kazi ya maji."

"Na ulikuwa naye muda wote?"

"Nilienda kununua unité ya simu kidogo."

Inspekta hakuandika lolote. Aliniambia tu, tulipokuwa tunapanda pikipiki, kwamba mtu kuja kuona karatasi si kosa, na samaki si ushahidi.

Jumatano ilikuwa siku mbaya. Tulijaribu namba ya parseli, jina la njia, jina la shefu wa kartie wa wakati ule. Kila mara ukurasa wa Germain ulikuja mbele, unang'aa. Mama Philomène alikuwa ameketi kwenye ngazi za baraza na beseni lake la ndagala, anazichambua, hatazami kioo.

Ili kupunguza uzito wa siku, nikamwonyesha Inspekta kitu cha kujivunia. Programu ile inatoa pointi kwa kila ukurasa, kama mwalimu. Mia ni kusoma bila kubahatisha hata kidogo. Chini ya hamsini, imesoma kwa kupapasa. Nikazipanga kurasa kwa pointi zao, wa kwanza juu.

"Ona, Mama Inspekta! Wa kwanza ni cheti ya Germain! Tisini na nane! Hii njo karatasi bora ya biro nzima."

Mikono ya Mama Philomène ilisimama juu ya beseni. Nilitamani kuyameza maneno yangu, lakini yalikuwa yameshatoka.

Inspekta alivuta kiti.

"Wa pili amepata ngapi?"

"Sitini na moja."

"Na wengine?"

"Hamsini, arobaini na tano. Kuna wenye ishirini."

"Kabla ya polisi nilikuwa mwalimu kule Niemba," alisema polepole. "Darasa zima likipata hamsini, na mutoto mumoja akapata tisini na nane, sikuwa namupa zawadi. Nilikuwa namuuliza alikaa wapi siku ya mtihani."

"Labda imepigwa na mashine nzuri ya kuandikia."

"Labda. Usinionyeshe tena mahali ordinateri yako imesoma. Nionyeshe mahali imeshindwa."

Nikamfungulia maneno yale yaliyofichwa nyuma ya picha. Ukurasa wa kwanza: juu Kifaransa kizuri, kati kizuri, halafu ghafla supu ya herufi mpaka mwisho. Ukurasa wa pili: juu vizuri, kati vizuri, supu. Wa tatu vilevile. Tukapita ishirini, tukapita hamsini. Mahali supu inapoanzia palikuwa ni pale pale, theluthi ya chini, kana kwamba mtu alipitisha rula.

"Mama Philomène," Inspekta aliita. "Maji yalipotoka, karatasi zilikuwaje?"

"Tulizitoa sisi wamama," alijibu. "Zilikuwa zimesimama ndani ya droo, zimebanana. Tukazianika pwani kama ndagala, kila moja na kijiwe chake juu, upepo usibebe. Chini kote zilikuwa na tope."

"Zote?"

"Maji yanachaguaka?"

Inspekta akaniambia nifungue cheti cha Germain. Kilisomeka kuanzia jina la jamhuri juu kabisa mpaka jina la aliyetia saini chini kabisa. Hapakuwa na supu mahali popote. Karatasi ilikuwa ya kahawia, ndiyo, lakini kahawia ya kulingana kila upande, kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

"Mradi ulichukua zilizolowa peke yake," alisema, kama anazungumza na meza. "Hii haikulowa. Basi ilifanya nini kati ya zilizolowa?"

Mama Philomène alikuwa amesimama sasa, ndagala zimemwagika miguuni pake, hakuziona.

"Hiyo inaua karatasi yake," Inspekta aliendelea. "Haikupi weye parseli. Nikisema yake ni ya uongo, watasema yako iko wapi. Lazima jina ya bwana yako ionekane. Josias, Josias..." Akasimama ghafla. "Mama, wakati wa Zaïre aliitwa nani?"

Mama Philomène akapiga mikono. "Yee! Wakati wa Zaïre hapakuwa Josias! Majina ya kanisa ilikatazwa. Kwa karatasi alikuwa Kalenga Mukumbi."

Siku mbili tulikuwa tunamtafuta marehemu kwa jina ambalo serikali ya siku zile ilikuwa imemvua, na sisi watatu tulikuwa tumekua chini ya sheria ile ile.

Nikaandika Kalenga. Kurasa tatu ziliitika. Hakuna hata moja iliyokuwa yake. Zilikuwa vyeti vya majirani. Lakini kila cheti, pale juu ambapo maji hayakufika, kilieleza mipaka kwa kutaja wanaopakana. Wa kwanza: mashariki, parseli ya Kalenga. Wa pili: kaskazini, parseli ya Kalenga. Wa tatu: njia ndogo inayomtenganisha na Kalenga. Majirani watatu, miaka tofauti, 1977, 1979, 1981, wanamzunguka mtu mmoja pande tatu, na upande wa nne ni reli. Kasongo hayumo.

Inspekta aliomba maji ya kunywa. Alikunywa glasi nzima, akasema, "Printa yako inafanya kazi?"

Alhamisi asubuhi Germain aliitwa biro ya kartie. Alikuja na miwani ya jua na wakili wake, avoka wa simu, maana yake alikuwa na simu sikioni na avoka ndani yake. Inspekta alimwomba aikate. Karatasi yake ya asili ilikuwa mezani, peke yake.

"Papa Germain, hii imetoka wapi?"

"Humu. Droo ya chini. Tangu sabini na nane."

"Iliwahi kutoka? Kwa fotokopi, kwa tribinali, kwa baba yako?"

"Haijatoka hata siku moja mpaka mradi ulipoipiga picha. Ordinateri yenyewe iliiona. Ordinateri haina ndugu, Mama Inspekta."

"Hata siku ziwa liliingia?"

Germain akavua miwani. Nadhani hapo alisikia harufu ya kitu, lakini mguu wake ulikuwa umeshaingia.

"Siku ile ilikuwa humu. Muulize Néhémie."

"Ndani ya maji, na zingine?"

"Na zingine."

"Néhémie, andika jibu lake." Kalamu ikakwaruza. Kisha Inspekta akafungua karto, akatoa ukurasa uliokuwa mbele ya cheti cha Germain, na ukurasa uliokuwa nyuma yake, akazilaza kushoto na kulia. Mkanda wa tope ulitembea kwenye ukurasa wa kushoto, ukafika kwenye cheti cha Germain, ukapotea, ukatokea tena kwenye ukurasa wa kulia, urefu ule ule. Akaongeza nyingine mbili, na nyingine mbili. Meza ilijaa.

"Zote zilisimama ndani ya maji," alisema. "Yako ilisimama wapi?"

"Labda ilikuwa juu ya zingine."

"Ingekuwa juu, mbona umesema na zingine?"

"Mama, kuna vitu Mungu anachunga."

"Sawa. Néhémie, andika: anasema Mungu alichunga karatasi yake, akaacha za watu wengine wote wa kartie. Papa Germain, tia saini hapa."

Hakutia. Alitazama mlango, na mlangoni palikuwa na polisi, na nyuma ya polisi palikuwa na nusu ya kartie.

"Kuna kitu kingine," Inspekta akasema, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. "Majirani watatu wanataja parseli ile. Hakuna anayemujua Kasongo. Ulipoleta kuhe, Néhémie alienda kununua unité. Ulikaa na makarto peke yako muda gani?"

"Mimi nilienda kidogo tu, Mama!" Néhémie alilia.

"Sijakuuliza weye."

Germain aliomba simu yake. Inspekta akamrudishia, akamwambia amwite avoka mwenye miguu safari hii, kwa sababu angelazimika kutembea mpaka kwa prokireri. Saa sita mchana amri ya kubomoa ilikuwa imesimamishwa, na Germain alikuwa anajibu maswali mengine kwenye chumba kingine, bila miwani.

Jumamosi Mama Philomène alipika. Watu walijaa uwanjani kwake: bukari la muhogo, ndagala za mawese, sombe. Inspekta alialikwa, alikuwa anachelewa. Watu waliniuliza ilikuwaje, na mtu akiulizwa anajibu. Nikasimama. Nikawaeleza jinsi nilivyoiambia mashine isome, jinsi ilivyotetemeka. Nikawaeleza kuhusu pointi. Nikaona macho yao yamefunguka, na midomo imeacha kutafuna, na hapo ulimi wangu ulitangulia mbele yangu.

"Inspekta ni muntu mwenye akili, simukatalii," nikasema. "Lakini ile karatasi, mimi niliijua tangu Jumatatu. Nilipoiona tu! Nikasema moyoni, hii haikuona maji. Nilimwacha atafute mwenyewe, asipate haya."

Wakapiga kelele ya kunisifu. Mama Philomène alikuwa na mwiko mkononi. Hakupiga kelele.

"Tangu Jumatatu, Papa Éliézer?"

"Jumatatu asubuhi!"

"Kabla ya Jumanne?"

"Kabla."

"Basi Jumatatu nililala bila mlango. Mvua ikaingia mpaka kwa godoro. Jumanne nililala bila mlango. Jumatano niliketi kwa baraza yako nikalia ndani ya ndagala, na weye ulikuwa unajua?"

Nikatafuta maneno. Yalikuwapo mawili tu: kusema nilijua, na kuwa mtu mbaya, au kusema sikujua, na kuwa mwongo mbele ya sahani yangu. Nyuma ya watu nikamwona Inspekta Myriam, amefika zamani, ameegemea pikipiki na kofia yake mkononi. Hakunisaidia hata kidogo.

"Jibu, Papa," alisema. "Néhémie yuko, ataandika."

Wakacheka mpaka kuku walikimbia. Nikasema sikujua. Nikalisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza walijifanya hawakusikia.

"Sawa," Mama Philomène akasema. "Sasa faini. Ule mlango wangu watu wa Germain waliuchanja kuni. Weye uko na mlango, na mnaishi bwana na bibi ndani, hamuogopi kitu."

Mlango wangu ni wa mvule, mzito, ulitoka kwa seremala wa reli. Vijana wanne waliupandisha kilimani jioni ile, mimi nikitembea nyuma na bawaba mfukoni. Ulimtosha kabisa. Mama Philomène aliufunga, akaufungua, akaufunga tena, na tukasikia komeo likiingia mahali pake kutoka ndani.

Nyumbani, bibi yangu Mama Mado alikuwa ameshatundika kikwembe pale mlango ulipokuwa. Aliinua pembe yake moja ili nipite.

"Na kesho," akasema, "usiende kuwaambia hata ziwa ni weye ulilipandisha. Tumebaki na kitanda tu."